Gogo la mwerezi lililokwama mbele ya nyumba yangu

Utotoni kwetu Lamu, ubao ulioletwa na maji ulikuwa wa aliyetangulia kuuona. Kwa hiyo majira yangu ya kwanza ya baridi Gibsons, pwani ya British Columbia nchini Kanada, nilipokuta gogo la mwerezi limekwama mchangani, nilikimbilia msumeno. Nilitaka mbao za banda.

Jirani yangu, mzee aliyezeekea kazi ya kuopoa magogo, aliniwahi. Alichuchumaa kwenye ncha ya gogo, akasugua mwani na mchanga kwa brashi ya waya mpaka zikajitokeza herufi na tarakimu zilizogongwa kwa nyundo. Ile ndiyo chapa ya mwenye mbao. Moyo ulinipiga, maana nilikuwa nimepanga kuanza kukata hapo hapo, na wezi wa magogo nao huanzia hapo ili kuipoteza chapa.

Magogo huku hufungwa vyelezo vikubwa na kuvutwa na tagi, meli ndogo zenye nguvu za kukokota, katika mlangobahari wa Georgia. Dhoruba ya kusini-mashariki ikichafuka, mengine huchomoka na kuzagaa. Lakini kuponyoka si kutupwa. Sheria ya Misitu ya jimbo ina sehemu nzima, ya 9, kuhusu uopoaji wa magogo baharini, na asiye na kibali haruhusiwi kuyakusanya ayauze.

Basi nikaomba kibali, na nilipokuwa nakisubiri nikawa msaidizi wa mzee. Tulingoja bamvua la Desemba, maji yalipojaa asubuhi na kuliinua gogo lile. Mzee alilipigilia msumari mnene wenye pete, nikapitisha kamba, tukalivuta polepole kwa mashua. Macho yangu yalikuwa mbele muda wote, kwa kuwa magogo ya hemloki, mti mwingine wa huku, hulowa yakazama upande mmoja, yakasimama wima na kuchungulia kichwa tu. Ukiligonga moja kwa kasi, mashua imepasuka. Nayaogopa mpaka leo kuliko mwamba, kwa sababu mwamba hauhami.

Kituo cha kupokelea walilipima gogo na kulipanga daraja. Malipo hufuata kanuni: mwopoaji hupata fungu lake la thamani. Sasa nina kibali changu, na brashi ya waya haikosi mashuani.

Banda nililijenga kwa mbao za dukani.