Barazani kwa Fundi, Machi 2003

Mabomu ya kwanza ya Marekani yalipoanguka Baghdad, tarehe 20 Machi 2003, Iringa masika yalikuwa yamekolea. Tulibanana barazani kwa fundi cherehani mmoja pale Miomboni, redio ikiwa imefungwa kwenye Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mvua ikizidi juu ya bati, sauti inamezwa. Basi fundi anaacha kukanyaga cherehani, anatega sikio kwenye spika, halafu anatutangazia alichoambulia, chaki bado mkononi.

Baba mdogo, askari mstaafu aliyepigana vita vya Kagera hadi Kampala, hakuwa na shaka hata chembe: dikteta wa Iraki, Saddam Hussein, aangushwe. Alitukumbusha Halabja, mji wa Wakurdi ambako Machi 1988 jeshi la Saddam liliua watu wapatao 5,000 kwa gesi ya sumu.

"Wale watoto, Fundi, ungewaambia wamngoje nani?"

Fundi hakuwa mtu wa kusema kila mmoja ana maoni yake, yaishe. Aliupinga uvamizi ule kwa moyo wake wote. Akasema Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halikuuidhinisha, na wakaguzi walikuwa bado wanazitafuta hizo silaha za maangamizi alizodaiwa Saddam kuwa nazo, pasipo kuziona. Amin alivuka mpaka akaingia kwetu. Iraki ilikuwa imevuka mpaka gani wa Marekani? Kisha akaja nyumbani kabisa: "Wajerumani walipoivunja ngome ya Kalenga, 1894, nao walikuwa na sababu zao nzuri. Mkwawa anavamia misafara, Mkwawa mkatili. Wahehe waliobaki hai waliokolewa na nini?"

Hapo kijana mmoja muuza mitumba akadakia. "Mzee, sema tu unamtetea Saddam kwa kuwa ni Mwislamu mwenzako."

Fundi aliweka chaki chini. Kabla hajafungua mdomo, baba mdogo alishamgeukia yule kijana.

"Wewe na mimi tuko upande mmoja, lakini hilo lifute. Mzee kataja Baraza la Usalama, kataja wakaguzi, kataja Kalenga. Jibu hapo. Dini yake hakuna aliyeiuliza."

Kijana akaomba radhi, Fundi akaipokea. Wapo watakaosema wazee walikuwa wanatuliza mambo. Hapana. Kilichofuata kilikuwa kikali kuliko vyote nilivyosikia barazani pale.

"Afande, nashukuru," Fundi alisema. "Ila nakwambia usoni: hii ni dhuluma, na ukiiunga mkono baada ya kuyasikia haya, fungu lako la dhuluma hiyo unalo. Sikuiti muuaji. Nasema umekosea, tena vibaya."

Baba mdogo alikunja uso. Nilidhani ataondoka. Badala yake akasogeza kigoda.

"Haya, niulize na mimi. Amin alikwishatoka Kagera, sisi tukavuka mpaka wa Mutukula. Ile nayo dhuluma?"

Fundi alijibu kwamba Waganda wenyewe walikuwa bega kwa bega nasi, na Amin angerudi. Lakini hakukwepa: alikiri kwamba wapo viongozi wa Afrika waliotulaumu waziwazi kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kule Monrovia mwaka 1979, na kwamba hoja yao ilikuwa na uzito.

Ndipo baba mdogo akataja Masaka, mji wa Uganda. Sijawahi kumsikia akiitaja, si kwenye sherehe, si msibani. Alisema walipouteka mji ule, Februari 1979, waliyalipua majengo kulipiza yale ya Kagera, Mbarara vilevile. Nyumba za watu ambao hawakumtuma Amin popote. "Vita vyetu vilikuwa vya haki," alisema, "na Masaka tuliibomoa. Yote mawili."

Nina hakika, na sijawahi kuyumba katika hili: kama Fundi angemwita muuaji, baba mdogo angesimama kuitetea heshima yake, na Masaka angeondoka nayo. Na kama Fundi angelegeza msimamo ili kumfurahisha, hakuna kilichokuwa kikimsukuma aiseme. Ilihitajika ile kweli chungu, na ilihitajika itoke kwa mtu aliyekataa kumvunjia utu.

Baghdad ilianguka tarehe 9 Aprili. Baba mdogo alifika asubuhi iliyofuata akiwa na furaha, wala hakuificha. Fundi akamuuliza nani alilala akilinda hospitali za mji ule.

"Hakuna," baba mdogo akajibu. "Kampala ilipoanguka nilikuwepo. Maduka yaliporwa mchana kweupe, nasi tulikuwa tunatazama." Akavuta kigoda, akaanza kueleza kwa nini, hata hivyo, Saddam ilikuwa lazima aondoke, na Fundi akazima redio ili amjibu vizuri.