Kilomita 100 kwa wiki, na kazini nafika kwa wakati

Katika ushauri wote niliopewa, ulioniudhi zaidi ni huu: "Amka mapema tu." Kila aliyewahi kuvaa raba anao mdomoni. Amka saa tisa usiku, kimbia, oga, nenda kazini, acha visingizio. Basi nikaufuata. Tatizo ni kwamba mtu mwenye kazi na familia halali saa mbili usiku kama kuku. Nilikuwa nalala saa tano, saa tisa kengele inalia.

Mwanzoni nilijiona shujaa, na nilihakikisha kila mtu ofisini anajua. Baada ya wiki kadhaa mafua yakawa hayaishi, mapigo ya moyo wakati wa kuamka yakapanda, na mwendo niliozoea kuukimbia huku napiga soga ukanifanya nihemee juujuu. Kilele chake kilikuwa kikao kimoja cha mchana. Bosi aliuliza maoni yangu kuhusu bajeti, nikazinduka na kujibu kwa sauti ya mtu anayejiamini kabisa: "Zimebaki mbili." Nilikuwa ndotoni, nahesabu kilomita. Bosi akatikisa kichwa kukubali, akaandika kwenye daftari lake. Hadi leo sijui zilikuwa mbili za nini.

Watu hao wa saa tisa usiku wana mfano wao wanaoupenda: Yuki Kawauchi wa Japani, aliyeshinda Boston Marathon mwaka 2018 kwa saa 2:15:58, kwenye mvua na baridi kali, akiwa mwajiriwa wa serikali anayefanya kazi ofisi ya shule huko Saitama. Kweli kabisa. Wanachoruka ni kwamba siku za kazi Kawauchi alikuwa akikimbia mara moja tu, si mara mbili kama wakimbiaji wa kulipwa, na mbio za mwisho wa wiki ndizo alizozifanya mazoezi yake magumu. Hakuiba usingizi, alipanga. Mimi namchukua zaidi Ron Hill, Mwingereza mwenye shahada ya uzamivu katika kemia ya nguo, aliyeshinda Boston mwaka 1970 kwa saa 2:10:30. Yule alikuwa anakwenda kazini mbio na kurudi mbio.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Kutoka kwangu hadi kazini ni kilomita 12. Kwa basi, ukijumlisha kusubiri na foleni, ni karibu saa nzima. Kwa miguu, kwa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita, ni dakika 72. Yaani kilomita 12 zinanigharimu dakika kama 15 hivi juu ya zile ambazo ningezipoteza nikiwa nimebanwa dirishani. Jumanne, Jumatano na Alhamisi kwenda na kurudi, hizo ni kilomita 72. Jumamosi moja ndefu ya kilomita 30. Mia na ushee, na saa tisa usiku niko usingizini nakoroma. Nikifika nyumbani jioni zoezi limeshaisha, hakuna wa kunisubiri nirudi tena. Nauli niliyookoa imeshanunua raba, sijui jozi ngapi.

Jumatatu napanda basi na mzigo wa nguo za wiki, Ijumaa narudi na za kufua. Viatu vya ofisini havijawahi kutoka chini ya meza yangu. Lakini kuna wiki mambo yanavurugika na shati lazima libebwe mgongoni, na hapa naomba mnisikilize, maana nimeharibu mashati mengi hadi kufikia hii njia. Usilikunje mraba. Lilaze kifudifudi mezani, mikono ikunje kwa ndani, kisha chukua gazeti ulilolizungusha kuwa bomba na uliviringishe shati juu yake kuanzia chini kwenda kwenye kola. Kola inabaki nje, haipondeki. Halafu tia kwenye mfuko wa plastiki, funga fundo. Ule mfuko ndio siri yenyewe, kwa sababu jasho la mgongo hupenya begi lolote, hata lile ambalo muuzaji aliapa haliingizi maji. Nikilifungua ofisini, linatoka kama limepigwa pasi asubuhi hiyo. Kuna mwenzangu aliwahi kuniuliza naficha pasi wapi.

Begi lenyewe liwe na mkanda wa kifuani na wa kiunoni, vinginevyo litakupiga mgongo njia nzima. Kwapani na mabegani paka mafuta ya mgando.

Kuhusu jasho: wengi wanakosea kwa kuoga mara tu wanapofika. Mwili unaendelea kutoa jasho muda mrefu baada ya miguu kusimama, kwa hiyo ukioga na kuvaa papo hapo unalowesha shati safi. Mimi kilomita ya mwisho naipunguza, mita mia chache natembea, nafika, nakaa na taulo shingoni nasoma barua pepe, ndipo naenda kujimwagia maji. Kabla kazini hawajaweka bafu nilitumia sinki na kitambaa chenye maji, na hakuna aliyewahi kulalamika. Usoni kwangu, angalau.

Mkanda wa suruali usiuache nyumbani. Siku niliyousahau nilishinda nimefunga suruali kwa kamba ya raba, koti limefungwa vifungo vyote, joto lilivyo kali.

Sasa, mwendo. Ukikimbia na begi, kimbia polepole, mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Watu wanaona aibu kwenda polepole, wanadhani kilomita hizo hazina faida. Zina faida kubwa: hapo ndipo moyo unapozoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo na mishipa midogo ya damu inapoongezeka kwenye misuli. Za kasi nafanya Alhamisi jioni tu, na siku hiyo begi linalala ofisini, kwa sababu ukienda kasi na mzigo mgongoni, mguu unatua tofauti, na magoti hayasamehi. Jioni pia sitoki na tumbo tupu. Mlo wa mchana ukishakuwa wa saa saba, saa kumi natafuna kitu, la sivyo kilomita ya nane naanza kuwachukia watu wasio na hatia.

Wala usianze na zote. Nilianza kwa kurudi tu jioni, kesho yake naenda kwa basi. Baadaye ikawa narudi mbio leo, naenda mbio kesho asubuhi. Ilichukua miezi, na ugoko ulipoanza kuuma nilirudi kwenye basi bila kuona haya. Raba zangu ni jozi mbili za kupokezana, moja ikikauka. Gizani navaa kizibao kinachoakisi mwanga, na nakimbia nikiyaangalia magari usoni, si kuyapa kisogo.

Marathoni yangu ya mwisho nilimaliza chini ya saa 3 na dakika 15. Mmoja wa wale wa saa tisa usiku alifika nyuma yangu, kwa mbali kidogo, sitaki kumwaibisha.

Anayekaa mbali sana na kazini asiniambie haiwezekani. Mwenzangu mmoja yuko kilomita 30 hivi kutoka ofisini; anapanda basi, anashuka njiani zikiwa zimebaki 10, anamalizia kwa miguu. Kila nikimshawishi ashuke kituo kimoja kabla ya hapo, anasema kile kituo kinafuatiwa na mlima.