Kuni nawasha lini? Navyoamua mimi kila mwaka huku Maine

Mwezi wa tisa ukielekea mwishoni huku Maine, jimbo la Marekani, watu wakikutana wanaulizana "umeshawasha?" na hakuna haja ya kuuliza kuwasha nini, ni jiko la kuni. Kuna wazee wanaona sifa kabisa kufika Novemba bila kuwasha, wanashinda ndani na makoti na kofia kama abiria wa alfajiri stendi ya Makambako. Mi siko kwenye hayo mashindano, nina watoto bwana. Ila pia siwashi eti kwa sababu leo nimesikia baridi. Tunaishi nje kidogo ya Lewiston, nyumba ya mbao ya siku nyingi, madirisha yanapitisha upepo, na nimejiwekea utaratibu ambao unafanya kuni zinatufikisha mwezi wa nne bila kukimbizana na muuzaji kwenye theluji.

Baridi yenyewe naijua, nimekulia Njombe. Mwezi wa sita na wa saba unaamka sakitu imelala kwenye majani, na watu wa Makete wakikusikia unalalamika wanakucheka. Lakini kule sikuwahi kumsikia mtu anakaa chini anaamua lini aanze kuwasha moto, moto wa jikoni upo mwaka mzima kwa ajili ya kupika, joto ni nyongeza tu, mnajibanza pale mnaota huku mnamenya viazi vya moto. Huku napikia umeme, kuni ni za joto peke yake, kwa hiyo kila gogo nililoliingiza ndani mwezi wa tisa ndo hilo ntakalolitafuta mwezi wa pili.

Kuni huku wanauza kwa kordi, ni rundo la futi 8 kwa 4 kwa 4, futi za ujazo 128, lorry inakuja inamwaga uani na kazi ya kupanga ni yako. Nyumba yetu inakula kama kordi nne kwa msimu. Mzee jirani yetu, ukoo wake ni wale wasema Kifaransa waliotoka Quebec, Kanada, kuja kufanya kazi viwanda vya nguo vya Lewiston, ndo alinifundisha hesabu ya zamani ya wakulima wa huku, kwamba tarehe 2 Februari ukienda bandani unatakiwa ukute nusu ya kuni zako na nusu ya majani ya ng'ombe bado vipo. Ng'ombe mi sina, ila nusu ya kuni naitafuta kweli. Ukikuta robo, basi aliyezila ni Oktoba, maana Januari huna ujanja, inafika nyuzi hasi 15 usiku na moto haulali.

Af kuna suala la umeme. Nyumba nyingi za Maine zinapata joto kwa boila ya mafuta na sisi tunayo pia, ila boila bila umeme haiwaki hata kama tangi limejaa. Mwezi wa kwanza 1998 ilipiga dhoruba ya barafu huku, nyaya zikakatika, zaidi ya nusu ya watu wa jimbo wakakaa gizani, wengine wiki mbili na zaidi, wazee bado wanaihadithia. Kwa hiyo kuni za Februari kwangu ni akiba, siyo za kuchezea.

Sasa ile ya kuwasha mapema ina ubaya mwingine ambao wageni wengi hawaujui. Bomba la moshi linavuta kwa sababu hewa ya ndani ya bomba ni ya moto, nyepesi, na ya nje ni nzito. Siku ambayo nje ni nyuzi 14 na ndani 18 tofauti ni ndogo, bomba linavuta kivivu, ukifungua mlango wa jiko moshi unakuja sebuleni na alamu zinapiga kelele nyumba nzima. Ukifanikiwa ukapata moto, baada ya nusu saa nyumba imekuwa oveni, utafanyaje, utabana hewa ili moto upoe, na moto uliobanwa haumalizi kuunguza moshi wake, unapanda kwenye bomba la baridi unagandia kama lami, wanaita kriosoti. Hiyo ikija kushika moto Januari unawaita zimamoto. Yaani ule moto mdogo wa uvivu wa Septemba ni mchafu kuliko ule mkubwa wa Januari.

Ndo maana siangalii kalenda. Naangalia kwanza usiku, utabiri wa redio unasema kwa Fahrenheit, nikisikia usiku kadhaa mfululizo chini ya 40, ambayo ni kama nyuzi 4 zetu, nakaa macho. Lakini usiku peke yake haunidanganyi, maana Oktoba ya huku ina tabia ya kukuletea sakitu Jumatatu na Alhamisi watoto wako nje na tisheti. Kinachoamua kwangu ni kipimajoto kilichopo kwenye korido, mbali na jiko na mbali na dirisha. Asubuhi nikikuta 15 sishtuki. Nafungua mapazia ya upande wa kusini jua liingie, halafu saa saba mchana naangalia tena. Ikiwa imepanda yenyewe hadi 17 au 18, nyumba bado ina joto lake, vaa sweta tuendelee. Siku nitakayokuta mchana bado 15, na kesho yake hivyo hivyo, najua kuta zenyewe zimepoa, hapo hata uvae soksi tatu ni bure. Jioni hiyo nawasha. Mara nyingi inaangukia wiki ya pili au ya tatu ya Oktoba, majani ya miti ya maple yakiwa yameshaanza kumwagika.

Baba watoto hakubaliani na huu utaratibu, tuelewane. Yeye ni wa Bukavu, Kongo, ikifika tarehe 20 Septemba anaanza, "mama watoto, baridi iko mingi, uwashe ile moto." Namwambia baba vumilia, angalia kipimajoto. Anasema kipimajoto hakina magoti. Tumekubaliana hivi, kwenye hizo wiki za katikati boila inawaka kidogo alfajiri watoto wakijiandaa na shule, af naizima, na jioni nawasha oveni. Wenyeji wana desturi ya kuoka maharage kila Jumamosi, sufuria inakaa ndani masaa sita saba, nimeiiga ila mi naweka vitunguu vya kutosha na pilipili badala ya sukari yao, jiko zima linapata joto na chakula kipo. Joto la bure kabisa, na baba watoto ananyamaza.

Maandalizi nayafanya Agosti watu wakiwa bado ziwani. Fundi wa kusafisha chimni ukimpigia Oktoba anakwambia nafasi ni Desemba, Agosti anakuja wiki hiyo hiyo. Kuni nazipima kwa kile kimashine cha unyevu, napasua gogo nachoma pini kwenye uso mpya wa ndani, siyo wa nje, ikisoma chini ya asilimia 20 ni kavu. Na betri za alamu za moshi na za kaboni monoksaidi nabadilisha zote. Hapa naomba nikazie kwa ndugu zetu wanaofika mwaka huu kutoka kambi za wakimbizi au moja kwa moja kutoka nyumbani, jiko la mkaa msiingize ndani hata umeme ukikatika, hata kwa dakika kumi. Nyumba za huku zimefungwa kuliko zetu, na ule moshi usioonekana haunuki, unakupa usingizi basi. Njombe kila msimu wa baridi tunasikia hizo habari, hakuna haja ya kuzihamishia huku.

Moto wa kwanza nauwasha mdogo na mkali. Natumia kuni nyepesi, msonobari na popla, zinaungua haraka, wengi wanazidharau ila kwa Oktoba ndo zenyewe. Vipande vinene kidogo chini, vijiti juu, kiberiti juu kabisa, moto unashuka taratibu na bomba linapata joto mapema. Hewa naiacha wazi mwanzo mwisho. Unawaka kwa muda wa kama saa moja na nusu, unakufa wenyewe, chuma na matofali vinabaki vimebeba joto mpaka tunalala. Mara ya kwanza utasikia harufu ya vumbi la miezi mitano linaungua, fungua dirisha kidogo. Moto mmoja jioni unatosha hadi Novemba inapochanganya, ndo naongeza wa asubuhi, na mwaloni siugusi mpaka theluji ikae.

Mwaloni wenyewe ni mzuri, makaa yake yanafika asubuhi, ila unakauka polepole mno, miaka miwili hivi baada ya kupasuliwa, na wauzaji wengine watakwambia ni kavu wakati umekatwa masika. Kwa hiyo kama unanunua sasa hivi kwa ajili ya baridi hii, omba kuni za miti ya ash au maple, pima mbele yake kabla hajamwaga, na mwaloni mwambie alete ila upange nyuma ya banda kwa ajili ya mwaka keshokutwa.