Redio arobaini za Msongola

Shalom wapendwa. Jumamosi iliyopita tulikuwa Msongola, pembezoni mwa Dar, na kikundi chetu cha uinjilisti kugawa redio, na naandika mapema kwa sababu wapo walioniuliza inboksi kwa nini safari hii tumegawa "redio za kidunia". Wanamaanisha zile redio za sola za Kariakoo, zinaingia memori kadi na flashi, mtu anazungusha mwenyewe anasikiliza anachotaka. Ni kweli, ndo tulizogawa, arobaini, na nina sababu.

Mwaka juzi tulipewa redio na watu wenye moyo mzuri kabisa. Zilikuwa zimefungwa, yaani zinashika stesheni moja tu ya injili, hakuna cha kuzungusha. Wazo lenyewe nalielewa, bibi asiyejua kusoma hahangaiki na namba, anawasha anakutana na neno la Mungu, na hakuna kijana wa kumhamishia kwenye bongofleva. Tukagawa Kivule tukarudi tunaimba njia nzima. Miezi kama minne baadaye nikapita kwa familia moja, baba ni fundi muashi, nikaambiwa kaenda Kilosa kulima. Nikauliza redio kaenda nayo? Mke wake akainuka akaitoa chini ya kitanda, imefungwa vizuri kwenye kanga, akasema alienda nayo wiki ya kwanza ikawa inapiga shhhh usiku mzima, akairudisha isije ikaibiwa bure.

Iliniuma sana. FM haifiki mbali, na stesheni moja inaweza kuwa na namba hii hapa na namba nyingine mkoani, mfano Radio Maria ukiwa Dar ni 89.1 lakini ukienda mikoani unaikuta kwenye masafa mengine. Sasa redio iliyofungwa kwa namba ya Dar ikishavuka Chalinze imekuwa boksi. Na watu wa hali ya chini ndo wanaohama kuliko wote jamani, kodi ikiisha wanahama, mvua zikianza wanaenda shamba, mgonjwa akizidiwa anapelekwa kwao. Tulimpa redio ya mtu anayekaa sehemu moja, wakati yeye hakai sehemu moja.

Enzi za wazee wetu mambo yalikuwa tofauti maana walikuwa na mawimbi mafupi (shortwave), yale yanayofika mbali mpaka nchi nyingine. Sauti ya Injili ilikuwa inarusha kutoka Addis Ababa kuanzia 1963, studio ya Kiswahili ikiwa Moshi, mpaka serikali ya kijeshi ya kule ilipoichukua 1977. FEBA, shirika lingine la redio za injili, nao wakarusha kutoka Ushelisheli mpaka 2003. Baba anasimulia redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, watu wanakuja na vigoda vyao jioni, sauti inakuja inapotea inarudi, ila ukiwa Moshi, ukiwa Tabora, unaipata ileile. Leo vijana wengi hawajui hata mawimbi mafupi ni nini, kila kitu FM na simu, na simu ina bando, na bando ni hela ya unga.

Kitu kingine ni betri. Msongola kuna nyumba moja tulikuta mawe manne makubwa ya redio yameanikwa juu ya bati, yamepangwa kama samaki. Mama mwenye nyumba anauza vitumbua, anaamka saa tisa usiku kukaanga, redio ndo inamsindikiza. Akatuambia mawe yakichoka anayaanika yanapata nguvu kidogo, anasikiliza mpaka wimbo wa pili yanakata. Kununua mapya anaona dhambi wakati watoto wana madaftari ya kununua. Tulipompa ya sola akaigeuza nyuma akaangalia kile kioo cheusi akauliza, "Kwa hiyo hili ndo jiwe lake?" Nikamwambia ndiyo mama, hili halinunuliwi.

Kwenye kadi tuliweka Agano Jipya la kusikiliza na mahubiri kidogo, kwa hiyo hata akienda Kilosa, hata stesheni isishike, neno lipo ndani. Hapo ndo siri yote ilipo. (Kadi za bei chee msinunue, tulijaribu zote kabla ya kutoka, sita zikagoma, ikabidi turudi tena Kariakoo.)

Nyumba ya mwisho palikuwa na bibi amekaa chini ya mwembe. Shikamoo bibi, marahaba. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametutambulisha, lakini bibi akanishika mkono akauliza, "Mwanangu, mimi Muislamu, nikiichukua mtanidai nije kanisani?" Nikasema hapana bibi, hatudai kitu, ni yako. Akauliza inashika taarifa ya habari? Nikamtafutia TBC Taifa, nikamtafutia na stesheni ya mawaidha, nikamwonyesha na kitufe cha kadi nikamwambia ukibonyeza hapa utasikia habari za Yesu, ukipenda. Wenzangu wawili hawakufurahi, tulibishana kwenye daladala kuanzia Mbande mpaka Rangi Tatu. Mimi bado nasimamia palepale. Siwezi kumpa mtu zawadi halafu nikafunga masikio yake, na ninaamini kwa moyo wote kwamba neno lina nguvu ya kusikilizwa bila kufungiwa mtu nalo.

Jana mjukuu wake amenipigia. Bibi anasema kile kitufe cha kadi amekisahau, ni cha juu au cha pembeni?

Ni cha pembeni, chekundu. Jumamosi ijayo narudi kumwonyesha, na kuna nyumba kama kumi na tano zilikosa, kwa hiyo mwenye gari la kutubebea maboksi kutoka Rangi Tatu aniambie mapema.