Njia ipite, lakini mzigo tuubebe wote

Jumamosi tulikuwa na mkutano wa mtaa huku kwetu Goba, Dar es Salaam, na ajenda ilikuwa moja tu: kufungua njia. Barabara yetu inaishia kwenye ukuta wa jirani. Wanaotaka iendelee wanataka ikate viwanja vinne vya mbele hadi itokee kwenye lami upande wa pili.

Sababu zao nazikubali kabisa. Gari la zimamoto haliwezi kufika huku ndani. Gari la majitaka husimama mbali, mipira inaungwa mmoja baada ya mwingine mpaka ifike shimoni, na bei inapanda. Masika yakikolea bajaji hazishuki bondeni, mgonjwa anabebwa mgongoni mpaka penye lami. Haya yote yametokana na jinsi tulivyonunua: mwenye shamba alimmegea huyu na yule, kila mmoja akaondoka na karatasi yake ya mauziano, na hakuna aliyeacha nafasi ya njia. Sehemu kubwa ya Dar imejengeka hivyo hivyo.

Kilichoniuma ni ile kura ya kunyoosha mikono. Karibu mikono yote iliyokuwa juu ilikuwa yetu sisi wa ndani, ambao viwanja vyetu haviguswi hata futi moja. Wanaoguswa ni kaya nne. Zitashindwa kura kila siku, hata tukirudia mara kumi.

Kabla ya mkutano tulizunguka na mpimaji. Vijana wake walishika futikamba, wakavuta kamba ya manila kutoka kona ya ukuta. Kwa bibi mmoja mjane, kamba ilipita kati ya jiko la nje na mlango wa nyuma. Njia ya mita sita ikipita pale inalichukua jiko, inalichukua na shimo la choo, na dirisha la chumba chake linabaki barabarani.

"Bibi, nyumba si inabaki?" mmoja wetu akamwambia.

"Nyumba bila choo nitakaaje, mwanangu?"

Hakuna aliyemjibu.

Serikali ikitwaa ardhi ya mtu, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, pamoja na posho ya usumbufu na ya usafiri. Ila hizi njia za ndani, hasa kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, watu wamezoea kuachia ardhi bure kwa makubaliano. Makubaliano ni jambo zuri, na mtaa wowote unaoweza kukaa na kupatana wenyewe naupongeza. Lakini kumzidi mtu kwa wingi wa mikono siwezi kukuita kupatana. Tena watu wa huku wana kumbukumbu. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na baadhi ya walioziona zikianguka ni ndugu zetu. Ukimfuata mtu na futikamba leo, moyo wake unakwenda huko kwanza.

Ninachotaka mimi ni hiki. Kiwanja cha huku kikifikiwa na gari, thamani yake inapanda mara moja, na faida hiyo ni yetu sisi wa ndani. Basi sisi ndio tuchange: jiko lijengwe upya, shimo jipya lichimbwe na kufunikwa, ukuta usimame, na yote hayo yakamilike kabla greda halijaingia. Mpimaji naye aangalie kama kamba inaweza kusogea upande wa pili, ambako kuna kiwanja kitupu ambacho mwenyewe haishi hapa. Mbona kwake hatukuanza?

Mwenyekiti ameahirisha uamuzi mpaka mchoro mwingine uletwe. Jioni nimepita kwa majirani wa upande wetu. Wachache wamekubali kuchangia, na fundi mmoja amesema shimo la bibi atalijenga bila kudai ufundi, tumpe saruji na matofali tu. Wengine wanataka kwanza wajue yule mwenye kiwanja kitupu atasema nini. Namba yake ya simu ninayo, kesho nampigia.