Siku moja maishani mwangu: kuongoza wageni Nürnberg, kila kitu kikisubiri saa sita mchana

Saa 1:30 asubuhi
Kazi ya kwanza ni kutuma ujumbe wa saa, na saa yenyewe inaandikwa mara mbili: "08:45, yaani saa tatu kasorobo asubuhi". Mjerumani naye ana lake. Akisema "halb elf", masikio yetu yanasikia kumi na moja na nusu, kumbe ni nusu ya kuelekea kumi na moja: 10:30, saa nne na nusu. Mgeni akiteleza hapo anachelewa saa nzima. Ratiba ya hapa haivumilii hilo, kwa kuwa ina msumari mmoja: saa sita kamili, uwanja wa soko, sanamu za saa ya kanisa zinapotoka kuzunguka. Mengine yote yanasogezeka.

Saa 2:45
Tunakutana chini ya mnara mnene wa duara wa Frauentor, ng'ambo ya barabara ukitoka stesheni kuu. Usimwambie mtu "tukutane stesheni". Njia za chini ya ardhi zina milango mingi ya kutokea, na kila mmoja ataibukia kwake. Kuhusu tiketi ya siku ya kikundi: inabeba watu sita, lakini watu wazima wawili tu. Wanne wenye ndevu kwenye tiketi moja ni faini.

Wengi hupanda kwa miguu hadi ngomeni. Wakifika juu, magoti yamekwisha. Sisi tunaanzia juu na kuteremka. Treni ya chini U2 au U3, vituo viwili hadi Plärrer, kisha tramu namba 4 hadi Tiergärtnertor. Treni hizo hazina dereva, kwa hiyo mwenye watoto awahi dirisha la mbele kabisa.

Saa 3:20
Ngome ya Kaiserburg hufunguliwa saa tatu kuanzia Aprili hadi Septemba, na saa nne miezi mingine, nasi tunasogeza mkutano ipasavyo. Muda ukibana, acha vyumba vya mfalme, usiache kisima. Kibanda chake kidogo huingiwi bila mwongozaji wa ngome. Anamimina maji, watu wote kimya, zinapita zaidi ya sekunde tatu ndipo mlio unapanda kutoka chini. Kina ni karibu mita 50, kimechongwa ndani ya mwamba. Kisha anateremsha mishumaa kwenye sinia hadi mwanga unakuwa punje. Mwenye simu mkononi airudishe mfukoni. Ikidondoka, ndiyo imekwenda.

Saa 4:30
Mteremko. Nyumba ya Albrecht Dürer, aliyeishi humo 1509 hadi 1528, tunaitazama kwa nje. Weißgerbergasse, mtaa wa watengeneza ngozi wa zamani, ni wa picha, robo saa basi. Katika kanisa la Sebald inama uangalie chini ya kaburi la shaba la Mtakatifu Sebald, kazi ya Peter Vischer: mzigo wote umebebwa na konokono 12 na pomboo wanne. Watu husimama mbele yake, wakaangalia juu, wakaondoka bila kuwaona. Mawe ya barabara ni ya mviringo na huteleza yakilowa. Viatu vya kisigino havifai.

Saa 5:40
Hauptmarkt, ndio ule uwanja wa soko. Simama nyuma kabisa, karibu na katikati ya uwanja. Ukijibana ukutani mwa kanisa la Frauenkirche utaona videvu vya sanamu tu. Kiangazi, saa sita ya hapa jua bado liko kusini-mashariki, nyuma ya kanisa, kwa hiyo picha hutoka nyeusi na anga jeupe. Gusa uso wa saa kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo.

Tukisubiri, nawapa historia ambayo Mswahili haelezwi mara mbili. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 mji huu ulihesabu saa kuanzia jua kuchomoza, na likizama hesabu ikaanza upya. Kama sisi. Ila sisi tuko jirani na ikweta, kumi na mbili kwa kumi na mbili mwaka mzima. Hapa katikati ya kiangazi mchana ulipewa saa 16 na usiku 8, katikati ya baridi kinyume chake, na kati ya nyakati hizo hesabu ikibadilishwa hatua kwa hatua.

Kengele inalia. Sanamu za wateule saba, yaani wakuu waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme, zinatoka na kumzunguka Kaisari Karl IV mara tatu, ukumbusho wa Hati ya Dhahabu ya 1356, sheria ya uchaguzi huo. Wengi huondoka baada ya mzunguko wa kwanza. Ni Kaisari huyohuyo aliyeruhusu mtaa wa Wayahudi ubomolewe mwaka 1349 ili upatikane uwanja huu. Kanisa liko palipokuwa na sinagogi. Hilo nalisema palepale, kabla ya chakula.

Saa 6:20 mchana
Soseji tatu ndani ya mkate mmoja, "Drei im Weckla". Kila moja sentimita 7 hadi 9, gramu 20 hadi 25, ina kiungo cha majorani. Ni nguruwe, jina la soseji ya Nürnberg linalindwa kisheria, hakuna ya kuku. Kwa wageni Waislamu, samaki wa kukaanga aitwaye kapu (carp) hupatikana Septemba hadi Aprili, ila uliza mafuta kwanza, maana baadhi ya majiko hutumia ya nguruwe.

Saa 8:00
Jumba la makumbusho Germanisches Nationalmuseum, hufungwa Jumatatu. Tufe la Martin Behaim, yaani mfano wa dunia ulioundwa 1492 hadi 1494, halina bara la Amerika, kwani habari zake zilikuwa hazijafika. Zanzibar imo, imechorwa kisiwa kikubwa kusini mwa Bahari ya Hindi, kufuata masimulizi ya Marco Polo. Wapemba huuliza Pemba iko wapi.

Saa 10:30 jioni
Ujumbe wa kesho. Ni Jumapili, maduka yamefungwa, kwa hiyo maji ya kunywa na keki za Lebkuchen zinunuliwe leo. "08:45, yaani saa tatu kasorobo asubuhi. Chini ya mnara, si stesheni."