Mikono shingoni kabla ya kasida

Ngozi ya tari huoteshwa moto ili ikaze. Koo lataka kinyume chake. Kila Mfungo Sita hapa Lamu, maulidi yakifika usiku wa tatu, utawajua waliolisahau hilo: mtu kapwelewa na sauti, beti za juu anazisukuma kwa kidevu kilichoinuka ili asimezwe na matari.

Wengi hukimbilia tangawizi. Haina ubaya, lakini unachomeza hakizigusi nyuzi za sauti, kinapita nyuma yake. Kilichokaza ni misuli inayolivuta juu zoloto, yaani kile kisanduku cha kooni chenye nyuzi za sauti, ambacho mbele yake ndicho kikoromeo; misuli hiyo hufikiwa kwa vidole.

Pima kwanza. Weka kidole juu ya kikoromeo, umeze mate, usikie kinavyopanda. Sasa imba ubeti wa juu kabisa. Kikipanda kidogo si neno. Kikipanda kama ulivyomeza kisha kisishuke, pana kazi. Mwanamke ambaye chake hakikutokeza atakipata akiguna "mmm": ni pale panapotetema zaidi.

Anza na taya, kwa sababu likikaza nalo, shingo haikubali kulegea. Uma meno, utasikia msuli ukituna mbele ya sikio. Achia, uache mdomo uning'inie, kisha uburute vidole viwili polepole kutoka chini ya mfupa wa shavu hadi kwenye pembe ya taya, mara tano au sita. Hapa waweza kukandamiza kwa nguvu kiasi. Kisha kidole gumba chini ya kidevu, penye nyama laini. Tamka "ka, ka": ulimi unakisukuma kidole. Ukiimba "aa" sehemu hiyo ibaki laini. Ikiwa ngumu kama ubao, izungushe taratibu huku ukiendelea na "aa".

Sasa penyewe. Juu tu ya kikoromeo kuna mfupa mdogo uliopinda kama nusu duara, mdomo wake umeelekea nyuma. Ushike kwa kidole gumba upande mmoja na cha kati upande wa pili. Nguvu ni ile ya kubonyeza embe sokoni kujua kama limeiva, isizidi. Zungusha vidole taratibu ukielekea ncha zake za nyuma, kisha shuka kwenye upenyo ulio kati ya mfupa huo na zoloto. Kwa aliyekaza, upenyo huu umebana hata ncha ya kidole haiingii, na mara nyingi panauma. Kutoka hapo livute zoloto chini, polepole, dakika tatu hadi tano, huku ukiguna. Guno likishuka au kung'aa ghafla, umepapata mahali, kaa hapo.

Mafuta ya nazi yawe tone tu. Vidole vikiteleza, mtu huanza kubana, na kubana ndiko kunakoharibu. Ukilisogeza zoloto kulia na kushoto utasikia mkwaruzo; huo ni wa kawaida.

Ukisikia mshipa unapiga chini ya kidole, umeenda pembeni mno: ondoa mkono. Usiibane mishipa hiyo, hasa ya pande zote mbili kwa pamoja, maana mapigo ya moyo yaweza kushuka na mtu akazimia. Mwenye rovu au aliyewahi kupata kiharusi asikandwe kabisa.

Baada ya mikono ni sauti, papo hapo, la sivyo misuli hurudia desturi yake. Chukua chupa ya nusu lita yenye maji nusu, uzamishe mrija kama sentimita tatu, upulizie "uu" ikipanda na kushuka, dakika mbili. Mapovu yakikatika, pumzi imekatika. Kazi yote haizidi robo saa; muda kati ya magharibi na isha unatosha.

Shingo ikiamka inauma kama iliyopigwa, ulikandamiza mno. Iache siku mbili. Na sauti ikikaa imepwelea zaidi ya wiki tatu, hapo hapana kukanda tena, ni kwa daktari wa masikio, pua na koo, azitazame nyuzi zenyewe.